Mpango Ulikuwa Wangu

Mwaka wa Mwalimu ulianza Novemba. Watu wengine wa kanisa letu pale mtaa wa Rhonda, Nakuru, walikuwa wanawaza Krismasi na safari za kwenda kwao, na yeye alikuwa ameshatuita sisi walimu wa Sande skuli kwenye kile chumba kidogo nyuma ya madhabahu. Tukifika tulikuta ameshabandika karatasi kubwa za manila ukutani na kuzigawa kwa penseli na rula: Januari hadi Desemba, wadogo, wa kati, vijana. Nafasi zote zilikuwa tupu, na siku ya kwanza haikuruhusiwa mtu kuandika chochote.

"Kwanza tuwataje," alikuwa akisema.

Kuwataja ilikuwa ni kuwataja watoto. Tuliketi kwenye viti vya plastiki tukasema tunachokijua juu ya kila mmoja. Huyu baba yake amehamia Naivasha kwa kazi ya maua na harudi. Huyu hajui kusoma, anajificha nyuma ya sauti za wenzake. Huyu amekuwa mkali tangu mama yake apate mtoto mwingine. Mwalimu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na mtu akisema, "Huyo simjui sana," alimtazama kwa upole uliouma kuliko kukemewa. Wiki hiyo mtu huyo angejikuta anazunguka maploti ya nyumba za kupanga akiulizia mlango wa mtoto. Ni baada ya hapo tu ndipo Biblia zilipofunguliwa na mipango ikaanza.

"Usiniletee somo la mwana mpotevu na babake," aliniambia mwaka wangu wa kwanza, "kama hujui ni nani kwa hilo darasa hana baba. Hatusemi usifundishe. Tunasema ujue unayemwambia."

Alinifanya mwalimu kwa njia ambayo bado inanichekesha. Nilikuwa nimempeleka binti yangu Njeri darasani, naye hakutaka nimwache, basi nikaketi nyuma. Mwisho wa somo Mwalimu alinijia.

"Mama Njeri, unajua kuimba?"

"Kidogo."

"Na kunyamaza, je?"

Nikasema kunyamaza najua.

"Basi Jumapili ijayo kuja mapema."

Sote tulimwita Mwalimu, hata Mchungaji, hata watu wa baa ya jirani ambao hawakuwahi kukanyaga kanisani. Alikuwa mwanamke aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na mwendo wa shule haukumtoka. Alitembea haraka, mwavuli kwapani mvua iwepo isiwepo, viatu vyeusi vya kufunga kamba. Jumamosi alizunguka Rhonda yote mpaka mipaka ya Kaptembwo akisimama penye milango. Hakuingia ndani mara nyingi. Alisema akiingia atapikiwa chai, na mtu asiye na sukari ataaibika bure. Alisimama tu hapo nje, akauliza habari, akamshika mtoto kichwa, akaenda.

Yeye mwenyewe hakujua kujitunza. Aliyeweza kupanga mwaka mzima wa watoto wa watu hakuweza kupanga chakula chake cha jioni. Nilipomtembelea nyumbani kwake, chumba kimoja karibu na kanisa, mara nyingi nilikuta maziwa yamemwagikia jiko na yeye anasoma. Alikuwa akisema mtoto asilazimishwe kuomba kwa sauti mbele za watu, kwa sababu maombi si mashindano, lakini yeye akianza kuomba vijana walikuwa wanategemeza mgongo ukutani wakijua hatamaliza upesi. Alikataa kabisa peremende za kumzawadia mtoto aliyekariri aya. Wakati huo huo mkoba wake haukukosa njugu, na mtoto aliyeshindwa kukariri ndiye aliyezipata, kisirisiri, akiambiwa asiwaambie wengine. Wengine wote walijua. Nafikiri kuna watoto walioshindwa makusudi.

Na alikuwa mkali kwetu. Ukichelewa darasani hakukusalimia siku hiyo. Mwenzetu mmoja aliwahi kuwatisha watoto kwa moto wa jehanamu mpaka mtoto mdogo akajikojolea. Mwalimu alimpangusa yule mtoto mwenyewe, akambadilisha nguo, kisha akamwita mwalimu yule nje chini ya ukingo wa mabati. Hatukusikia alichomwambia. Yule mwalimu alirudi akaomba watoto msamaha, na akabaki nasi kwa miaka mingi, akawa mmoja wa walio bora.

Manila zetu alizinunua katikati ya mji, kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya shule. Nilimsindikiza huko mara nyingi. Mzee huyo alikuwa akizikunja karatasi taratibu, akiongezea kalamu za rangi ambazo boksi lake limepasuka, na kila mwaka aliuliza lile lile.

"Mwalimu, mwaka huu utawafundisha watoto nini?"

Nilidhani ni maneno ya biashara tu. Lakini Mwalimu aliegemea kaunta akamweleza kwa kirefu, kama anayemweleza mwalimu mwenzake: Ruthu na mkwewe miezi ya mwanzo, halafu Daudi akiwa bado mchungaji, halafu mifano ya Yesu. Mzee alisikiliza huku wateja wakingoja. Naye alimweleza hadithi ambazo nyanyake alimsimulia, za miungu na wafalme, na Mwalimu aliuliza maswali. Tukitoka nje alisema, "Yule anajua kwamba mtoto hufundishwa kwa hadithi. Wazee wetu wa kanisa bado wanataka hotuba."

Na wazee wa kanisa, kwa kweli, walimvumilia kuliko walivyompenda. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya vijana. Mwalimu alikuwa amepanga kwamba kila Jumapili ya mwisho wa mwezi vijana hawatafundishwa lolote. Wataketi duara, na watauliza. Wao waliingia wakimsalimia, "Niaje, Mwalimu," naye akajibu, "Niko poa, vua kofia," na maswali yakaanza. Waliuliza mambo ya kweli. Mbona tuliombea mgonjwa fulani na akafa. Mbona kiongozi anayetuhubiria dhidi ya ulevi anaonekana kwenye nyama choma za Kikopey na chupa mezani. Mvulana mmoja aliuliza kama Mungu ni baba, ni baba wa aina gani, kwa sababu anawajua wawili na wote hawafai.

Mwenyekiti wa wazee, mtu mzuri lakini mwoga wa fujo, alikuja kulalamika.

"Mwalimu, hawa watoto unawafungulia mlango wa shaka."

"Mlango ulikuwa wazi, mzee. Mimi nimeweka tu viti."

"Na wakikuuliza kitu hujui?"

"Nawaambia sijui. Wasipouliza hapa wataulizia kwa stage ya matatu, na huko watajibiwa haraka sana."

Mwenyekiti alicheka bila kutaka, na kipindi kikaendelea. Vijana wale baadaye walitawanyika, wengine Nairobi, wengine mashambani huko Molo na Njoro, na hata leo nikikutana na mmoja ataniuliza habari zake kabla hajauliza zangu. Ndipo hunibidi kutafuta maneno.

Kwa sababu kuna jambo lililotokea, na siwezi kumchora Mwalimu bila hilo, ingawa ningependa.

Likizo ya Aprili tulikuwa na wiki ya watoto. Wazazi wengi wa Rhonda hutoka asubuhi kutafuta kazi, na shule zikifungwa watoto hubaki peke yao. Mwalimu ndiye aliyewaza kuwaleta kanisani wiki moja nzima, asubuhi mpaka mchana: hadithi, nyimbo, kuchora, uji. Na kwa kuwa wazazi hawangeweza kuja kuwachukua mchana, alipanga pia namna ya kurudi nyumbani. Watoto waligawanywa kwa njia wanazopita. Kila njia ilikuwa na mtoto mkubwa wa kuwaongoza, na mwalimu mmoja wa kuwafuata nyuma mpaka kona ya mwisho. Ulikuwa mpango mzuri. Tuliutumia miaka kadhaa na hakuna aliyepotea.

Njia moja iliongozwa na msichana nitakayemwita hapa Nyaboke, ambalo si jina lake. Alikuwa amemaliza darasa la sita, mrefu, mtulivu, wa kutegemewa. Ndani ya kundi lake alikuwamo mdogo wake Mose, wa darasa la pili, mtoto wa maneno mengi na meno mawili ya mbele yaliyong'oka. Mama yao aliuza mboga sokoni, na aliwalea peke yake.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki yote. Siku ya mwisho ilikatika karibu na saa sita, na Mwalimu alitazama juu akasema waende sasa kabla haijarudi. Mwalimu wa kufuata kundi la Nyaboke alikuwa ameshikwa na homa akabaki nyumbani, basi Mwalimu alisema atalifuata mwenyewe baada ya kumfungia kiatu mtoto mmoja aliyekuwa analia mlangoni. Alichelewa kwa muda wa kufunga kiatu hicho na kumbembeleza yule mtoto. Kundi lilikuwa limeshapinda kona.

Kwenye njia hiyo kuna kwari ya zamani, shimo kubwa walikochimba mawe ya kujengea wakaliacha. Siku za jua ni vumbi tupu. Mvua ikinyesha hujaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na watoto hupenda kuyarushia mawe. Kundi lilipofika kona ya mwisho Mose hakuwepo. Nyaboke alirudi mbio, akakutana na Mwalimu njiani, na wote wawili wakaenda kwari.

Sisi tulifika tukiitwa na kelele. Vijana wa ploti za karibu walikuwa wameshaingia ndani ya maji na walikuwa wanamtoa. Sitaandika alivyoonekana. Nitaandika nilichokiona kando. Mwalimu alikuwa ameketi chini, matopeni, na viatu vyake vya kamba, na Nyaboke alikuwa mapajani mwake, msichana mrefu hivyo, amekunjwa kama mtoto mchanga. Msichana alikuwa anasema kitu kwa haraka shingoni mwa Mwalimu. Mwalimu aliufunika uso wa msichana kwa leso, akainama, akamjibu sikioni. Kisha akamshikilia hivyo hivyo mpaka mama yao alipoletwa kutoka sokoni, bado amejifunga aproni.

Jioni hiyo tulienda kwao. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Mwalimu aliingia, watu wakampisha, akapiga magoti mbele ya mama Mose. Mama alimtazama kwa muda mrefu kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

"Nilikupa wawili," akasema.

Mwalimu akajibu, "Ndiyo."

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, na nilimngoja aseme kwamba kulikuwa na mpango, kwamba kila mtoto alikuwa na wa kumwongoza, kwamba alikuwa nyuma yao hatua chache. Alibaki amepiga magoti mpaka mwanamke mmoja akamwinua.

Mose alisafirishwa kwenda Kisii kuzikwa. Mama yake na Nyaboke waliporudi, wazee wa kanisa waliita kikao, na sisi walimu tuliambiwa tuhudhurie. Tuliketi kwenye kile kile chumba cha nyuma. Manila za mwaka zilikuwa bado ukutani, na mimi niliketi nikizipa mgongo. Mwenyekiti aliongea kwa upole. Alisema hakuna anayetafuta wa kulaumiwa, ila watu wanauliza, na kanisa lazima liwe na jibu. Akauliza nani alikuwa anaongoza kundi. Mtu akalitaja jina la Nyaboke.

"Basi tumwite huyo msichana," mwenyekiti akasema, "atueleze tu vile ilikuwa. Mama yake anaweza kuja naye."

Mwalimu alisimama. Alikuwa amevaa sweta ileile ya kijivu, na mkono wake mmoja ulishika nyuma ya kiti.

"Huyo mtoto haitwi hapa."

"Mwalimu, ni kuelewa tu."

"Nitawasaidia kuelewa. Mpango ulikuwa wangu. Mimi ndiye nilisema watoto waongozwe na watoto. Mimi ndiye nilisema waende saa hiyo. Mwalimu wao hakuwepo, na mimi nikasema nitawafuata, na sikuwafuata. Kama kuna kingine mnataka kujua, niulizeni mimi. Lakini mtu akimuuliza Nyaboke swali moja juu ya siku hiyo, iwe hapa, iwe sokoni, iwe kwa maombi, mtanijibu mimi."

Mchungaji alikuwa anaangalia mikono yake. Nadhani wazee waliona wamefunguliwa mlango wa kutokea, na walipita. Hakuna aliyesema afukuzwe. Jumapili iliyofuata, katika matangazo, katibu alisoma kwamba Mwalimu ameomba kupumzika kidogo na huduma ya watoto, na kwamba kanisa linamshukuru kwa miaka yake mingi. Hakuwa ameomba. Alikuwa ameketi safu ya tatu, akasikia kwamba ameomba, na akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekumbushwa jambo lake mwenyewe.

Wiki ya watoto haikufanyika tena kwa miaka. Duara la vijana lilikufa lenyewe, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua kusema "sijui" vile yeye alijua. Mwalimu aliendelea kuja ibadani kwa muda, akaketi nyuma kabisa. Watoto walipoitwa kwenda darasani walipita karibu naye, na wadogo ambao hawakuelewa lolote walimshika sketi. Alikuwa akiwabandua vidole mmoja mmoja, kwa upole, na kuwasukuma kidogo waende. Kisha akaacha kuja. Nilipoenda kumtazama, mwenye ploti aliniambia amehamia kwa dada yake, upande wa Gilgil.

Novemba hiyo nilienda mjini peke yangu kununua manila. Mzee wa duka alitazama nyuma yangu mlangoni.

"Leo Mwalimu hakuja?"

Nikamweleza, kwa kifupi nilivyoweza. Alisikiliza akiwa ameshika rula yake ya chuma. Kisha akazikunja karatasi taratibu kama kawaida, akaweka na kalamu za rangi, na hakuniuliza mwaka huu tutafundisha nini.

Ilipita miaka mingi. Njeri wangu aliolewa. Nyaboke alimaliza shule, akasomea ualimu wa chekechea, na akarudi kufundisha Rhonda, karibu na mama yake. Alikua akawa mwanamke wa maneno machache anayependwa na watoto, na Mchungaji mpya, asiyejua mengi ya zamani, alipotafuta mtu wa kusimamia huduma ya watoto na vijana, sote tulimtaja yeye. Hakuna aliyewahi kumuuliza juu ya siku ile. Neno la Mwalimu lilikuwa limeshikwa, hata na midomo ya soko.

Alipopewa kazi hiyo alikuja kwangu. "Mama Njeri, unajua Mwalimu anakaa wapi?"

Nilijua. Nilikuwa nikimpigia simu sikukuu, na alikuwa akinijibu kwa adabu na kukata mapema.

Yaliyosemwa huko kwa dada yake nayaandika kwa idhini ya Nyaboke. Mwalimu alifariki mwaka uliofuata, na baada ya mazishi Nyaboke alimweleza mama yake yote. Alichojibu mama yake ni chao wawili.

Tulienda Jumamosi ya Novemba. Ukishapita moshi wa nyama choma wa Kikopey unaacha barabara kuu, unatembea kati ya mashamba ya mahindi yaliyokauka mpaka kwenye nyumba ya mbao yenye geti la mabati. Dada yake alikuwa ameenda harusini. Mwalimu alitufungulia mwenyewe. Alikuwa amepungua sana, na viatu vya kamba vilikuwa vimemwacha. Alivaa kandambili na soksi.

"Karibuni," akasema, akanisalimia, kisha akamtazama Nyaboke kutoka kichwani mpaka miguuni. "Umempita mama yako."

"Kidogo tu, Mwalimu."

Tuliketi. Nyaboke alifungua karatasi aliyoibeba, mpango wa mwaka unaokuja, akautandaza mezani akaomba Mwalimu autazame. Mwalimu alisema hayo mambo yalimwacha zamani. Lakini macho yake yalikuwa yameshashuka. Baada ya dakika chache alikuwa amevaa miwani na kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya miezi.

"Huyu mwalimu wa Machi mbona mmempa madarasa mawili? Atachoka, na akichoka atawapigia kelele."

"Tutabadilisha."

"Na vijana. Mmewapangia masomo kila Jumapili. Wataongea lini?"

Nilimwona Nyaboke akitabasamu, akaandika. Kwa muda mfupi tulikuwa tena kwenye kile chumba, na sauti ya Mwalimu ilikuwa imerudi ile ya zamani, ya kuamuru bila kuinuka. Akafika sehemu ya wiki ya Aprili. Nyaboke alikuwa ameirudisha. Chini yake alikuwa ameandika jinsi watoto watakavyorudi nyumbani. Kidole cha Mwalimu kilisimama hapo. Kisha akavua miwani, akasema chai itamwagika, akaenda jikoni, na jikoni hakukuwa na kitu motoni.

Aliporudi Nyaboke alikuwa amesimama.

"Mwalimu, nimekuja na neno lingine. Nataka kumwambia mama."

"Umwambie nini?"

"Unajua."

Mwalimu alinitazama mimi. Nyaboke akasema, "Nataka Mama Njeri asikie pia. Nimechoka kuwa mtu mzuri kwa watu wote." Na akanigeukia. Alisema polepole kwamba siku ile Mose alikataa kutembea. Alitaka kurushia maji mawe. Yeye alikuwa na njaa, watoto wengine walikuwa wanamvuta, na alikasirika. Alimwambia, "Basi baki hapo, mjinga wewe," akamwachilia mkono, akaenda bila kugeuka, ili amtishe. Hayo ndiyo aliyoyasema kwari, shingoni mwa Mwalimu.

"Na yeye akaniambia," Nyaboke akasema, "'Umeniambia mimi, imetosha. Usimwambie mtu mwingine.' Nikatii. Mama yangu miaka yote hii hawezi kulitaja jina la Mwalimu. Akipita hapo kanisani anatema mate. Na mimi nanyamaza, nasukwa nywele zangu na mama huyo huyo, nakula kwake."

Mwalimu aliketi.

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Kila mtoto anamwambia mdogo wake hivyo. Kesho yake wanacheza. Mimi ndiye nilikuwa mtu mzima, na mtu mzima hampi mtoto mzigo wa mtoto mwingine. Hiyo si uongo niliwaambia wazee. Mpango ulikuwa wangu."

"Lakini kosa si lako lote."

"Sasa sikiliza. Mama yako alibaki na mtoto mmoja. Ukimwambia, atabaki na wangapi?"

Nyaboke alilia akiwa amesimama, mikono imening'inia, na Mwalimu hakuinuka kumshika. Nafikiri alitaka. Niliona viganja vyake vimekazana magotini. Mimi ndiye niliyemkumbatia.

"Na wewe, Mwalimu?" Nyaboke akauliza baadaye. "Wewe ulibaki na nani?"

"Mimi nina dada yangu. Na nimeshazoea."

Nilimwambia basi arudi, hata siku moja tu, aje Novemba hii hii atusikie tukiwataja watoto. Nilimwambia wengi waliokuwa wakimlaumu wamehama au wamekufa. Alitikisa kichwa. Alisema atatuombea, na kwamba tuondoke kabla jua halijawa kali.

Alitusindikiza mpaka getini. Mimi nilitangulia, nikijifanya natazama mahindi, kwa kuwa niliona anataka kuongea na Nyaboke peke yake. Waliongea kidogo. Nilipogeuka geti lilikuwa linafungwa, na Nyaboke alikuwa anakuja, karatasi yake kwapani.

Tulitembea mpaka barabarani. Pale stage ya Kikopey watu walikuwa wanakula nyama, na vijana wa mabucha walituita, "Mathe, karibu, iko tayari." Tukasimama kando kungoja gari la kwenda Nakuru.

"Amekuambia nini pale?" nikauliza.

"Ameniuliza kama siku hizi nalala."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia nalala vizuri."

Nilimtazama uso. Nilikuwa nimemjua tangu akiwa mdogo, na sasa ndipo nilipoona duara nyeusi chini ya macho yake, ambazo miaka yote nilidhani ni za kazi.

"Na ni kweli?"

Gari lilikuwa linatokea upande wa Gilgil. Nyaboke alijipangusa mashavu kwa kiganja, akalinyooshea mkono lisimame.

"Angalau yeye alale," akasema.